Mstari wa Kwenye Kadi Yetu

  Leo naanza na swali kwa ninyi mlio kwenye ndoa: kadi yenu ya harusi iliandikwa mstari gani wa Biblia?

Siulizi ukumbi wala rangi ya sare za kamati. Nauliza ule mstari uliokaa juu kabisa, kwa maandishi ya kujikunjakunja, kabla ya familia ya Bwana na Bibi fulani kukualika. Wiki iliyopita niliwauliza wenzangu ofisini wakati wa chai. Tulikuwa sita, wote tuna pete. Waliokumbuka walikuwa wawili, na mmoja wao alisema, "Zaburi. Zaburi ile... si unaijua?" akarudi kwenye chapati yake.

Mimi wa kwetu naukumbuka. Ningependa kukwambia kwamba nilifunga na kuomba kabla ya kuuchagua. Ukweli ni kwamba niliuchagua mwaka 2017, Jumamosi mchana, kwenye duka moja la kuchapa kadi Kariakoo, nikiwa nimesimama, maana kiti pekee kilichokuwepo alikikalia mwenyekiti wa kamati yetu. Kijana wa duka akanipa faili la sampuli. Nikafunua, nikafunua, jasho linanitoka. Akaona nachelewa, akaweka kidole: "Dada, huu unatoka sana." Ruthu 1:16.

Nikausoma. Mtu anaapa kumfuata mwenzake popote atakapokwenda, kukaa naye popote atakapokaa, na watu wa mwenzake kuwafanya wake. Nikamwangalia mchumba wangu. Yeye Mchaga wa Machame, Mlutheri. Mimi Mluguru, Mkatoliki. Familia zetu zilikuwa zimetumia miezi minne kubishana tutafungia ndoa kanisa gani. Moyo ukanilainika pale pale. Nikasema, weka huo huo. Kadi 250, karatasi ya krimu, utepe wa zambarau. Tukaenda kula chipsi.

Usinihukumu haraka. Wengi wetu tunaishi na Biblia hivyo hivyo, kwa vipande. Mstari uko kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye turubai la bajaji, kwenye fremu saluni, na kwenye status ya WhatsApp ya bosi wako asubuhi ya siku ambayo saa nne atakufokea. Nami siwacheki wanaofanya hivyo. Mstari mmoja ukiushika vizuri unaweza kukuvusha foleni nzima ya jioni bila kumtukana mtu. Ila kipande, jamani, kimekatwa kutoka kwenye kitu, na kile kitu bado kipo.

Hili tuliligundua nyumbani kwangu mwaka 2020. Kampuni aliyokuwa akifanya kazi mume wangu ilipunguza wafanyakazi, naye akawemo. Jioni ile alitumiwa Yeremia 29:11 mara 11. Nilihesabu. Alitumiwa na ndugu, na wanakwaya, na hata na yule wa utawala aliyemkabidhi barua. Unaujua mstari wenyewe: Mungu ana mema juu ya watu wake, na mbele kuna tumaini. Wiki ya kwanza ulimsaidia kweli. Wiki ya sita ukaanza kumuudhi, maana simu ya usaili haikuja.

Siku moja akaifungua sura nzima, kwa hasira, kama mtu anayesoma mkataba kutafuta alipoibiwa. Akakuta kumbe ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza hadi Babeli. Kulikuwa na manabii wakiwaambia wasijali, watarudi kwao karibuni. Sura moja nyuma kuna mmoja, Hanania, aliyetaja miaka miwili. Yeremia anawaandikia kwamba ni 70. Kwa hiyo wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale, waoe na kuozesha, na wauombee mema mji ule ule uliowateka. Ile miaka 70 iko mstari wa 10. Mstari wetu mtamu, wa 11, unafuata hapo.

Akaja jikoni ameshika Biblia. "Mke wangu, kumbe hakuna haraka."

Wikiendi hiyo akapanda mchicha kwenye mifuko ya saruji uani. Kazi ilikuja baada ya miezi 14, ya mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Mchicha tunaula hadi leo.

Kuna na ule wa Mwanzo 31:49, wanaopenda kutumiana wapenzi walio mbali, kwamba Mungu awaangalie wote wawili wakati hawaonani. Mtamu sana. Aliyeusema ni Labani akimwambia Yakobo, mtu na mkwe wake, ambao miaka 20 walikuwa wanapigana chenga za mshahara na kondoo. Yakobo ametoroka kimyakimya, Labani amemkimbiza, mwishowe wanarundika mawe kuwa mpaka, asivuke mmoja kumdhuru mwenzake. Ni kama kumwambia mtu, mimi sikuoni, lakini yuko anayekuona. Siku nyingine mchumba wako wa Mwanza akikutumia huo, mwulize ana maana gani.

Ungedhani baada ya hapo ningekwenda kuusoma na wa kwetu. Sikwenda. Mtu hafungui sura nzima ya mstari ambao bado haujamkwaza.

Februari 2023 mama mkwe alikuja Dar kwa matibabu. Kisukari cha siku nyingi, sasa kimeshuka kwenye mguu na kimeanza kula macho. Tuliambiwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mitano, maana kila kliniki inazaa kliniki nyingine. Tuna vyumba viwili. Mama akapewa cha mtoto, mtoto akahamia kitandani kwetu, katikati, akilala kama saa ya ukutani, miguu inazunguka usiku kucha. Ninyi mlio kwenye ndoa mnajua maana ya mtoto wa miaka minne katikati kwa miezi mitano. Sina haja ya kueleza.

Halafu kuna maneno. Mama si mkorofi, naomba nimtendee haki. Ila ana ulimi wa mtu aliyezoea kuongoza nyumba. Nilipika mtori kwa kufuata maelekezo yote, ndizi, nyama, nikaponda, akaonja, akasema, "Supu hii ya ndizi ni nzuri." Supu ya ndizi! Dada wa kazi aliambiwa mara tatu namna ya kukamua deki, mara ya nne akafunga begi lake. Nikawa natoka kazini saa kumi na moja, nafika nyumbani saa moja, naanza kupika, kuosha, kumpima mama sukari, kuandika kwenye daftari, kuangalia kama insulini iko sawa kwenye friji na umeme haujakatika. Mume wangu naye alikuwa anasaidia, sisemi uongo. Kila usiku alikaa kitandani kwa mama yake kumsomea Biblia, kwa sababu macho yake yamekuwa na ukungu. Lakini tukibaki wawili tulikuwa tunaongea kama makatibu wa mkutano. Gesi imeisha. Kliniki Jumatano. Lala salama.

Na hapa kuna jambo la mila ambalo halikuzungumzwa kwenye kicheni pati yangu. Kule somo wangu alisema tu kwamba mama mkwe ni wa kuheshimiwa sana, na kwa mbali. Watu wakapiga vigelegele. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata upande wa mama. Bibi yangu mzaa mama alizeekea kwa mama yangu, na hakuna aliyejiuliza. Kwa hiyo akilini mwangu lilikuwa jambo la wazi kabisa: mama ana binti Arusha, aende kwa binti yake. Kwa Wachaga mambo ni kinyume. Kitindamimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya baba, na wazazi ni wake. Mume wangu ni kitindamimba. Kwa mama, kukaa kwa mwanawe ni kukaa kwake, na kwa binti ni ugenini. Kila mmoja alikuwa anamshangaa mwenzake kimyakimya, na kila mmoja akijiona ndiye mwenye akili za kawaida.

Julai, nikiwa kwenye foleni, nikaandika ujumbe kwa mume wangu. Niliuandika vituo vitatu, nikaufuta, nikauandika tena. Kwamba nimevumilia vya kutosha, mama aende kwa dada Arusha kabla ya mwisho wa mwezi, na kama hawezi kumwambia yeye nitamwambia mimi. Nikabonyeza. Jibu likaja baada ya dakika moja: "Sawa."

Wanawake wenzangu, "sawa" ya mwanaume mnaijua. Kesho yake akasafiri kikazi siku nne, na kwaheri aliyoniaga ingetosha kumwagia mlinzi wa getini.

Usiku huo nilikuwa nimerudi, nimevua viatu tu, mama akaita chumbani. Alikuwa ameketi na Biblia yake kwenye mapaja, Union Version ya zamani aliyoishonea kava la kitenge. "Mwenzako hayupo," akasema. "Utanisomea?"

Nikajiambia dakika kumi tu, halafu niende nikaoge. "Nisome wapi, mama?"

"Jana tumemaliza Waamuzi. Ruthu."

Nikaanza kusoma kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Njaa imeingia Bethlehemu, mji ambao jina lenyewe maana yake ni nyumba ya mkate. Elimeleki na mkewe Naomi wanahamia Moabu na watoto wawili wa kiume. Baba anakufa. Vijana wanaoa wasichana wa kule, Orpa na Ruthu. Inapita miaka kama kumi, vijana nao wanakufa. Mistari mitano, makaburi matatu. Hapo nikapunguza kasi, maana nilikumbuka niliyekuwa namsomea. Mama alimzika mwanawe wa kwanza mwaka 2018 na baba mkwe mwaka 2019. Alikuwa amefumba macho, mkono juu ya ule mguu.

Nikaendelea. Naomi anarudi kwao, wakwe zake wanamsindikiza. Njiani anawaambia warudi kwa mama zao, kila mmoja akatafute mume mwingine. Wanalia wote. Orpa anambusu, anarudi. Ruthu anang'ang'ania. Kisha nikafika mstari wa 16, na sauti ikanikatika.

Ulikuwa wa kwetu. Ule wa karatasi ya krimu na utepe wa zambarau. Nikarudi juu kwa macho, haraka haraka, nikimtafuta mwanaume. Hayupo! Mume wa Ruthu yuko kaburini Moabu. Boazi hajatajwa hata jina, anaingia sura ya pili. Maneno niliyoyachapisha nakala 250 nikidhani ni ya bibi harusi kwa bwana harusi, ni ya mwanamke kwa mama mkwe wake.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimepaliwa, mama."

Nikasoma hadi mwisho wa sura. Wanafika Bethlehemu, wanawake wa mji wanashangaa kumwona, na Naomi anawaambia wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, yaani uchungu, kwa sababu aliondoka amejaa na amerudi mtupu. Hapo nikashindwa kujizuia. Uchovu ulichangia. "Mtupu vipi, mama? Na huyu binti aliyetembea naye njia nzima? Si amesimama hapo hapo anasikia?"

Mama akacheka. Miezi mitano sikuwahi kumsikia akicheka vile.

"Anaona makaburi tu, mwanangu. Hajamwona bado."

Kisha akanyosha mkono niirudishe Biblia. Akapapasa nyuma, ndani ya mfuko wa lile kava la kitenge, akatoa kadi. Krimu imeshakuwa ya njano. Utepe ulikuwa umechomoka, lakini ulikuwepo, umekunjwa ndani.

"Nilipoletewa hii," akasema, "nikamwambia baba yenu, huyu binti wa Morogoro ameniandikia mimi. Baba yenu akasema ni maneno ya maharusi tu hayo. Nikamwambia, mzee, soma kitabu."

Mimi kimya.

"Daktari aliposema Dar, wifi yako wa Arusha alilia, anataka nikae kwake. Nikamwambia Dar nina kadi."

Msomaji wangu, ule ujumbe ulikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliisikia uzito. Nikamwambia mama alale salama, nikaenda bafuni nikafungua maji nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na gauni langu la kazini.

Suala la faili la sampuli sijamwambia hadi leo. Mume wangu anajua. Sasa na ninyi mnajua, na nawaomba mnitunzie.

Saa tano usiku nikampigia mwenzangu. Nikamwambia ule ujumbe auache kwanza. Akanyamaza, kisha akasema ameshaongea na dada yake, na dada ameshaomba ruhusa kazini aje kumchukua mama Jumamosi. Hivyo ndivyo maneno yanavyokwenda mbio siku hizi. Ilibidi nimpigie wifi mwenyewe, nieleze, nijikanyage, naye akanijibu kwa ukali kwamba mama yake si mzigo wa kurushiana. Alikuwa sahihi. Tulichukua wiki mbili kuelewana.

Usiku ule ule nilimalizia kitabu peke yangu mezani. Ni sura nne tu, unamaliza kabla chai haijapoa. Nilitaka kujua Ruthu aliishije na yule mama baada ya kiapo. Maana kuapa barabarani ni rahisi, mimi nimeapa mbele ya watu 250 na MC.

Anachofanya ni kwenda kazini. Sheria ya Musa, iko Mambo ya Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, iliwataka wenye mashamba wasivune hadi pembeni wala wasirudi kuokota masazo, ili maskini na mgeni wapate. Ruthu ni vyote viwili. Tena Mmoabu, watu ambao Kumbukumbu la Torati 23 inawazuia kuingia kusanyiko la Bwana hata kizazi cha kumi. Anainama kutwa nzima kuokota shayiri nyuma ya wavunaji. Jioni anapiga alichookota, kinafika kama efa moja, ambayo kwa vipimo vyetu ni kama debe na kidogo. Ila kilichonishika ni kitu kidogo zaidi. Mchana Boazi alimpa bisi, nafaka za kukaanga, akala akashiba, zikabaki. Jioni anazitoa alizozibakiza, anampa mama mkwe.

Nilicheka peke yangu, maana hilo nalijua. Wiki iliyopita yake nilikuwa kwenye semina hotelini, nikafunga vipande viwili vya kuku kwenye tishu, nikavitia kwenye pochi, nikampelekea mwanangu. Mama alikuwa chumba cha pili, akisikia karatasi ikifunguliwa.

Na mwisho wa kitabu ndio unaofurahisha. Ruthu anaolewa na Boazi, anapata mtoto wa kiume, na wanawake wale wale wa mjini wanamwambia Naomi kwamba huyu mkamwana ni bora kwake kuliko watoto saba wa kiume. Mtoto anawekwa kifuani mwa Naomi, naye anakuwa mlezi wake. Wanamwita Obedi, babu yake mfalme Daudi. Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Yesu, Mmoabu huyu ametajwa kwa jina.

Sasa nisikilizeni kuhusu Orpa, kwa sababu najua kuna dada anasoma hapa ameshaanza kujilaumu. Nimesikia mahubiri mengi yakimsema Orpa vibaya. Kitabu hakimsemi. Alitembea, alilia, alikubali alipoambiwa na Naomi mwenyewe mara ya pili, akambusu mama mkwe wake, akaenda kwao. Naomi alikuwa amewabariki wote wawili kwa pamoja, na ile baraka hakuifuta. Kuna nyumba ambazo mama mkwe hawezi kukaa, kwa sababu ya nafasi, au pesa, au kwa sababu mama mwenyewe anapiga mtu. Mimi siku ile kwenye foleni nilikuwa Orpa. Kinachoniuma ni kwamba Orpa alimwaga mama yake mkwe uso kwa uso wakalia wote, mimi nilitaka aondolewe kwa ujumbe wa simu.

Je, yule kijana wa Kariakoo alikosea kuuweka huo mstari kwenye faili la harusi? Nimelifikiria sana. Sidhani. Yale maneno yananifaa kwa mume wangu pia, na usiku ule nilimwambia kwenye simu, kwa maneno yangu mwenyewe, akacheka akasema nimechelewa miaka sita. Lakini mwenye kadi halisi, kwa mujibu wa kitabu, alikuwa chumba cha mtoto.

Hatujawa malaika. Mama bado anaita mtori wangu supu ya ndizi, nami sasa namwekea bakuli mbele na kumwambia, "Supu yako ya ndizi, mama." Nilimwomba jambo moja, kwamba dada wa kazi aachiwe mimi. Alinuna siku mbili, kisha akakubali. Tulinunua kitanda cha futi mbili na nusu, mtoto akarudi chumbani kwa bibi yake, na kwetu mazungumzo yakarudi taratibu kutoka kwenye gesi hadi mambo mengine. Miezi ya katikati ya mwaka mama huenda Arusha kwa wifi, kwa makubaliano. Desemba anapanda basi kwenda Machame kama Wachaga wote duniani. Kliniki ikifika anarudi, na kadi iko kwenye kava.

Kazi ya kusoma tumegawana. Mimi nina Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, sura moja kwa usiku, umeme ukiwepo. Tumevuka Samweli, Wafalme na Nyakati zile zenye majina kama daftari la wapiga kura, sasa tuko Ayubu, ambacho kina sura 42. Jumatano iliyopita tulifika sura ya nne, pale marafiki zake waliokaa naye chini kimya siku saba wanapoanza kumshauri. Nilisoma mistari kama mitano hivi. Mama akasema nifunge kitabu, tuwape siku moja zaidi ya kunyamaza.